Eda Bila Maiti

Siku Swabir alipotoweka ilikuwa Jumatano, na asubuhi ile tulikuwa tumebishana juu ya nazi.

Nilimtaka aniangulie mbili kabla ya kuondoka. Akasema akirudi. Nikamwambia basi asitegemee mchuzi wa nazi, akacheka, akasema atakula hata wa maji. Akavaa shati lake la buluu, akachukua panga, akapanda bodaboda. Alikuwa fundi wa kuezeka makuti, na hoteli moja ya Diani ilitaka paa jipya kabla ya wageni wa Disemba. Alikuwa anakwenda Kombani kuyatazama makuti yenyewe.

Kombani alifika. Muuza makuti alinieleza kwa kinywa chake. Walikuwa wakivutana iwapo makuti yamekauka vya kutosha, gari jeupe likasimama. Mtu mmoja akateremka, akamwita kwa jina, taratibu, kama mtu anayemwita rafiki wa zamani. Swabir akaliweka panga lake juu ya rundo, akaenda kumsikiliza.

Gari likaondoka naye. Panga ninalo mimi.

Waliokuwa nami tangu mwanzo wanayajua yaliyotangulia. Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa ufupi. Kabla sijamjua, Swabir alidanganywa na mtu aliyemwambia kuna mapaa ya kuezeka Kismayu na mshahara mzuri. Walikwenda wawili, yeye na rafiki yake Feisal. Hakukuwa na mapaa. Kulikuwa na bunduki na watu wa kuzibeba. Feisal akabaki. Swabir akatoroka, akarudi kwa miguu na kwa malori, na serikali ilipotangaza msamaha kwa waliorudi, akajipeleka mwenyewe kwa chifu. Mwaka uliofuata akanioa.

Baada ya hapo alikuwa akiitwa katika mabaraza ya vijana, Msambweni na Kikoneni, awaeleze yaliyoko kule. Hakuwa msemaji. Alikuwa akisimama, anasema, "Nilipelekwa kuezeka, nikapewa kuchimba makaburi," halafu anakaa. Ilitosha.

Kwetu Bodo neno kusafiri limeharibika. Mama akisema mwanawe kasafiri, wasikilizaji huinamisha macho, hata kama kijana kaenda Tanga kununua vitunguu. Na neno kurudi nalo limeharibika. Swabir aliitwa mrejea, mbele ya uso wake na nyuma ya mgongo wake. Wale aliowakimbia walimwita msaliti. Wale aliowakimbilia hawakumwamini hata siku moja.

Kwa hiyo alipochukuliwa, hakuna aliyejua akielekeze kidole wapi. Nilikwenda vituoni, wakasema hawanaye. Nilipeleka neno upande wa pili kwa watu wa watu, likarudi kwamba hawanaye. Pande zote mbili zilinijibu neno moja, kwa sauti ile ile.

Wiki hii nitasimulia habari ya nguo nyeupe.

*

Mama mkwe wangu, Bi Subira, aliingia chumbani kwangu alasiri moja na furushi kifuani. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mchana huona vivuli, jioni haoni kitu, na nyumba yake yote anaijua kwa viganja. Alipapasa kitanda, akakaa, akalifungua furushi magotini.

Ilikuwa bafta nyeupe, imeshashonwa.

"Vaa, mkaza mwanangu," akasema. "Ingia eda."

Nilimwuliza amepata habari gani. Akasema hakupata habari. Alisema amechoka. Kila sahani ya wali anampakulia Swabir, kila jioni anaimwaga kwa kuku, na kuku wamenenepa kwa riziki ya mwanawe. Mwanamke yeyote aliyefiwa hupewa matanga, watu humjia, hushikwa mkono, huambiwa pole. Yeye haambiwi kitu. Watu wakimwona hubadilisha njia, kwa kuwa hawajui wamwombee mwanawe rehema au wamwombee arudi.

"Mimi nataka kulia, Mishi. Nimenyimwa ruhusa ya kulia."

Nilimwambia siwezi kumzika mtu aliye hai. Akaniuliza nani kaniambia yu hai. Bafta akaiacha pale pale, akatoka akipapasa ukuta.

Kwa wasiojua mila zetu, mke akifiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura. Havai rangi, hajipaki hina, hajipulizi marashi, haonekani na wanaume wa kando. Vioo hufunikwa. Ni heshima ya marehemu, na mimi nilidhani, kama wanawake wote wa kwetu wanavyodhani, kwamba ni jambo la mke na Mola wake, mlango ukishafungwa hakuna mwingine linalomhusu.

Kesho yake nilimweleza Kaindi. Kaindi ni Mkamba, wazazi wake wana shamba huko Kikoneni kwenye ardhi ya skimu waliyogawiwa na serikali, na tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwa dobi wa nyumba moja ya wageni Msambweni, yeye kufua, mimi kupiga pasi.

"Miezi mine na siku kumi?" akasema. "Aki Mishi, hiyo livu inashinda ya kuzaa. Na vile namjua bosi, livu ya kulilia mtu hajakufa hawezi kulipa."

Nilicheka. Naye akacheka, kisha akaacha, akashika mkono wangu kwa mkono wenye povu. Akaniambia kwao pia kuna mjomba aliyepotea Nairobi zamani, na bibi yake hakukubali aimbiwe kanisani mpaka akafa yeye bibi mwenyewe. Hakuniambia nifanye nini.

Ndipo nikaenda kwa Sheikh Abdurahman, imamu wetu. Ni mtu wa maneno machache tangu msikiti wake uliposakwa na askari wakaingia na viatu mpaka kwenye mihrabu. Mkewe akaniweka nyuma ya pazia, nikamsalimu Sheikh shikamoo, nikamweleza.

Akasema sheria iko wazi. Mke wa mtu aliyepotea ni mke, mpaka habari ya yakini ije au Kadhi ahukumu. Eda haianzi kwa ndoto wala kwa uchovu. Akasema Bi Subira ana haki ya huzuni yake, lakini mimi sina eda.

Halafu akaongeza neno moja, kwa sauti ya chini.

"Na ukikaa, mwanangu, utaulizwa habari ya kifo umeipata kwa nani."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Kombani, mtu mwenye elimu alikuwa amenifungulia mlango na kuniambia pita huku. Nikaikunja bafta, nikaiweka chini ya sanduku. Idi ilipofika nikajipaka hina ncha za vidole, kidogo tu, kama mke wa mtu.

*

Hina hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa baada ya Idi, saa za mchana, mvuke umejaa chumba cha pasi. Mtu akaingia bila kubisha, akavuta kigoda, akakaa. Nilimjua. Anaitwa Musyoki, havai sare, na ofisi yake haina kibao mlangoni. Ndiye aliyekuwa akimpokea Swabir siku za kuripoti, baada ya ule msamaha. Ni mtu mpole. Sijapata kumsikia akipandisha sauti, na upole wake huo ndio ulionitisha siku zote.

Kaindi akamsalimu Kikamba, akaitikia, kisha akamwomba kwa adabu atupishe kidogo.

Alianza kwa kuniuliza hali ya mama, macho yanaendeleaje. Akasema ameishi Pwani siku nyingi, watoto wake wamezaliwa huku, amejifunza mila zetu na anaziheshimu. Akawataja wanawake wengine wa tarafa hii ambao waume zao walipotea kama wangu. Wote, akasema, walikaa eda.

"Wewe uko hapa unapiga pasi," akasema. "Na umepaka hina."

Nikatazama vidole vyangu juu ya shuka ya mgeni. Nilimwambia Sheikh amesema sina eda, kwa kuwa sijui kama mume wangu amekufa.

"Ndiyo, mama. Hujui. Lakini mtu asiyejua huuliza. Wewe ulikuwa unakuja kuuliza kila wiki, sasa huji."

Ni kweli niliacha. Niliacha kwa sababu kila nilipopanda ngazi za kituo, habari zilifika Bodo kabla yangu. Lakini hilo ningemwambiaje? Ningesema naogopa watu fulani wasinione kwako, angeniuliza watu gani.

Akasimama, akakirudisha kigoda mahali pake, akakifuta kwa mkono.

"Mke asiyelia, asiyeuliza, na anayejipamba," akasema, "ni mke anayejua mume wake yuko wapi. Mimi sisemi hivyo. Nakwambia wakubwa wangu wanavyosoma." Akaomba simu yangu kwa siku chache. Nikampa. Hakuna aliyewahi kumnyima.

Alipotoka, Kaindi aliingia akanikuta nimeisahau pasi juu ya shuka. Alama yake ilikuwa ya kahawia, umbo la pasi kamili. Akaiinua pasi, akaikunja ile shuka akaificha chini ya rundo lake mwenyewe.

"Amesema nini?"

"Amesema nisipokaa eda, Swabir yu hai na ninamficha."

Kaindi akafuta povu mikononi. "Sasa mtu anaweza shikwa juu ya kutovaa nyeupe?"

Jioni ile nililitoa furushi chini ya sanduku. Sikurudi kwa Sheikh. Nilijua atasema nini, na nilijua maneno yake hayatanifaa kwa Musyoki. Nilisugua vidole kwa ndimu na majivu mpaka ngozi ikachubuka, na hina haikutoka. Hina haitoki kwa kutakiwa. Nikaingia eda na ncha za vidole nyekundu, nikizificha kwapani kama mwizi.

Bi Subira alinivisha mwenyewe. Alipapasa mishono ya mabega, akapapasa kichwa changu, akanifunika. Kisha akakaa chini sakafuni, akalia. Alilia kwa sauti, wazi, mpaka majirani wakaja, na kila aliyeingia akamwambia pole. Nilimwona uso wake umepata nuru. Usiku ule hakuwapakulia kuku.

*

Tukamsomea Swabir hitma, kama asomewavyo maiti.

Wanaume walikaa uani kwenye mikeka, wanawake ndani pamoja nami. Ubani ulichomwa, mahamri na kahawa vikapita, juzuu zikagawanywa. Nilisikia sauti ya Sheikh Abdurahman ikiomba dua. Aliomba vizuri, aliomba kwa urefu. Lakini katika dua yote ile hakusema marehemu hata mara moja. Alisema mja wako Swabir. Alisema mja wako Swabir, popote alipo. Wanawake wawili waliinua vichwa wakatazamana.

Ndipo Husna akasogea karibu yangu.

Husna ni mke wa Feisal, yule aliyebaki Somalia. Nyumba yake inatazamana na yetu, mlango kwa mlango. Hatukuwa na ugomvi, lakini tangu Swabir aanze kwenda mabarazani, shemeji zake, ndugu za Feisal, waliacha kutuitikia salamu, na yeye akawa ananisalimu kwa macho tu. Mume wake hajatangazwa kufa. Hajatangazwa kitu chochote. Naye hakukaa eda, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Alinishika mkono kama anayenipa pole. Kitambaa cha ninja yake usoni kilikuwa shavuni mwangu.

"Nani kakwambia?" akaniuliza.

Nikasema hakuna aliyeniambia.

"Mtu hakai eda kwa kuota, Mishi. Kama ni wetu waliomwua, ningesikia. Sikusikia. Basi ni wale wengine, na wale hawamwambii mtu bure."

Nikamwapia. Nilimwambia ni Bi Subira aliyechoka, ni Musyoki aliyenitisha. Nilipolitaja jina hilo tu, nikajua nimekosea. Mkono wake ukalegea mkononi mwangu.

"Kumbe anakuja kwako kazini."

Nilitegemea anitishe. Badala yake sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo, sauti ya msichana niliyesoma naye madrasa.

"Huyo aliyekwambia ya Swabir," akasema, "hakukutajia na Feisal?"

Nikatikisa kichwa. Akaniangalia, akataka kuniamini, akashindwa.

"Shemeji zangu wameniuliza habari yako," akasema. "Nimewajibu sijui. Wataniuliza tena."

Akainuka, akachukua juzuu yake, akaketi mbali, akaendelea kusoma. Niliona machozi yanalowesha ninja yake, na sikujua anamlilia nani kati yetu.

Basi nikabaki na nguo ile mwilini. Nilipoiacha chini ya sanduku, ilisema mume wangu yu hai na ninamficha. Nilipoivaa, ikasema mume wangu kafa na serikali imenieleza, kwa hiyo mimi ni mtu wa serikali. Bafta ile ile, yadi zile zile. Na kuivua nayo pia kungekuwa na maana yake.

*

Maisha ya eda ni chumba. Kioo kilifunikwa kwa kanga. Kaindi alikuja Jumapili baada ya kanisa, akaniletea maembe mabichi na habari kwamba bosi amempa kazi yangu binamu yake, na huyo binamu anaunguza kola. Akasema alama ya pasi ile imegunduliwa, yeye akasema ni yake. Nilimkaripia. Akanijibu, "Wewe uko jela tayari, mbili za nini?"

Alizungumza kwa sauti kubwa kama kawaida yake. Nilimwona Bi Subira anatabasamu kwenye kizingiti.

Mama alikuwa amebadilika. Alikuwa anakula. Alikuwa anamtaja Swabir bila kusita, alivyoanguka mnazini alipokuwa mdogo, alivyokatika ncha ya kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, siku ya kwanza kushika panga la makuti, akaificha ncha yenyewe mfukoni kutwa nzima kwa kuogopa kupigwa. Alikuwa amempata mwanawe kwa kumzika. Nilikaa nikimsikiliza, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilianza kusema alikuwa badala ya ni.

Ndipo Musyoki akaja nyumbani.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nilisikia gari likisimama, kisha hodi. Bi Subira akamwambia kuna mtu eda. Akasema anajua. Hakusogea mlangoni. Alikwenda akaketi barazani na mgongo wake akauelekeza kwetu, akitazama njia, kama mtu aliyefunzwa adabu na watu wetu wenyewe. Maneno yake yote aliyasema akiutazama mlango wa Husna.

Alimwamkia mama, akauliza macho yanaendeleaje. Kisha akasema kuna mtu hospitalini, mbali kidogo, upande wa bara. Aliokotwa barabarani na dereva wa lori. Hana kitambulisho. Hasemi. Madaktari hawajui kama hawezi au hataki. Ni wa makamo ya Swabir, na ni mrefu kama yeye.

"Kwa nini mwamdhania yeye?" Bi Subira akauliza.

"Shuka wanayompa, mama, hajifuniki. Anaikunja juu ya kijiti cha kutazamia koo, anaikunja tena, anaikunja tena. Nesi mmoja ni mtu wa Pwani. Akasema huyu anakunja kuti, kama fundi anavyolikunja juu ya ufito."

Ndani ya chumba nilikuwa nimeshika pazia. Sikumbuki kulishika.

Bi Subira akapapasa ukuta, akauacha, akaenda mpaka barazani kwa mikono mitupu. Alisema yeye ndiye aliyemzaa. Atakwenda yeye, ampapase tu, hata gizani angemjua.

Musyoki hakugeuka. Alisema hilo alilifikiria. Lakini mtu yule haguswi. Akiguswa hupiga ukelele na kujigonga ukutani, ndiyo maana wamemweka peke yake, na anayetaka kumwona humtazama kupitia kioo cha mlango. Anahitajika mwenye macho.

"Ana ncha ya kidole cha mwisho?" mama akauliza. "Mkono wa kushoto."

"Usiku na mchana, akishaacha kukunja, amefumba ngumi. Hakuna aliyeona."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya ukuta.

Nikazungumza kutoka ndani, nyuma ya pazia. Nilimwuliza nikienda itakuwaje, na nisipokwenda itakuwaje. Sikuwa nimepata kumwuliza mtu wa ofisi yake swali la moja kwa moja, na nilisikia alivyovuta pumzi.

"Ukija, mama, wakubwa wataandika kwamba eda ilikuwa ya uongo, ulijua hajafa. Usipokuja, wataandika kwamba ulijua amekufa, na watataka kujua ulijuaje." Akafuta vumbi gotini. "Mimi kalamu si yangu. Lakini yule mtu bila jina hawezi kukaa pale sana. Kuna mahali pengine hupelekwa wasio na wenyewe."

"Na kama siye?"

"Kama siye utarudi."

Kurudi. Kwa gari lake, mchana kweupe, nikiwa na nguo nyeupe, mbele ya mlango ule aliokuwa akiutazama. Nadhani naye aliliona hilo, kwa sababu aliinamisha kichwa. Upande wa pili wa njia pazia la Husna lilitikisika, na hakukuwa na upepo.

Musyoki akasimama. Akasema gari litapita kesho baada ya sala ya alfajiri, litasimama kidogo, halitapiga honi. Akamuaga mama. Akaondoka bila kunitazama hata mara moja.

Nilidhani Bi Subira ataanguka. Yeye ndiye aliyeileta bafta. Yeye ndiye aliyekwisha kulia, aliyeshikwa mkono na mji mzima, aliyelala usingizi kwa mara ya kwanza. Sasa mtu mmoja asiyesema alikuwa amemnyang'anya maiti yake.

Alirudi ndani akipapasa. Alipita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwenye kioo, akaivuta ile kanga, akaikunja, akaiweka begani.

"Mama, kama siye?"

"Nimekusikia ukiuliza," akasema.

"Na shemeji zake Husna?"

Alikuwa anatafuta sanduku langu kwa mguu. Akalipata.

Sikumtuma mtu kwa Sheikh. Kutoka kwa dharura kunaruhusiwa, hilo ninalijua bila kuuliza. Ninaloshindwa kulijua ni ninatoka nikiwa nani. Mjane hatoki kwenda kumtazama mumewe kupitia kioo. Na mke hakai ndani na bafta huku mume akikunja shuka peke yake, hana jina.

Nimeketi naandika haya juu ya kitanda chetu, panga la Swabir likiwa chini yake. Hina imekua na kucha, imebaki ukingo mwembamba mwekundu mwishoni.

Gari litapita baada ya alfajiri. Bi Subira ametia makaa kwenye pasi, amelinyoosha buibui langu jeusi kwa kupapasa mikunjo, amelitundika msumarini karibu na mlango. Ile nyeupe bado ninayo mwilini.